Mmakonde Asiyejua Kuchonga

Watu wanaopita mbele ya nyumba yetu hapa Ibadakuli wakanikuta nimekaa barazani na gogo katikati ya miguu, tezo mkononi, huwa wanasimama kidogo. Mwanamke na tezo si kitu cha kila siku. Halafu wakinisalimia na kusikia lafudhi yangu, wanauliza kwetu wapi. Nikisema Newala, wanatikisa kichwa kama wamepata jibu la kila kitu. "Aa, Mmakonde! Basi umezaliwa nayo."

Sikuzaliwa nayo. Baba yangu alikuwa mkulima wa korosho, na kitu pekee alichowahi kuchonga mbele ya macho yangu ni mpini wa jembe, ambao ulimvunjikia kabla ya saa nne asubuhi. Wachongaji hodari kwetu wapo, ni kweli, lakini niliokuwa nawaona mimi walikuwa wanaume, wamekaa kwenye kibanda chao, na sisi wasichana tulipita hapo na ndoo zetu za maji bila hata kugeuza shingo. Kuchonga nilifundishwa Usukumani, katika kijiji cha Samuye, na aliyenifundisha ni baba mkwe wangu, mtu ambaye kwa muda mrefu sikuruhusiwa kuzungumza naye.

Mume wangu nilikutana naye machimboni, upande wa Geita. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia shangazi yangu aliyekuwa na kibanda cha chakula pale. Yeye alikuwa fundi wa matimba, yaani yale magogo yanayopangwa ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, ili kuta zake zisiwaangukie wachimbaji. Wenzake walikuja kula wakiwa wamepauka kwa vumbi la mawe, yeye alikuja akinukia mti mbichi. Nilipenda hivyo. Nilipenda pia namna alivyokuwa akiugeuzageuza mwiko wa shangazi na kuutazama mpini wake.

"Huu amechonga mtu mwenye haraka," aliniambia siku moja.

"Umejuaje?"

"Baba angeutupa motoni."

Hivyo ndivyo nilivyomsikia baba mkwe wangu kwa mara ya kwanza, kabla hata sijajua kwamba atakuwa baba mkwe.

Tulipokwisha kuelewana, na wazee wa pande zote mbili wakiwa wamepelekeana salamu na kukubaliana, alinichukua kunipeleka kwao. Tulipita Kahama, tukaacha nyuma vilima vya kifusi cha mgodi wa Buzwagi, na kadiri basi lilivyokwenda ndivyo alivyokuwa akinipa maagizo. Baba yake nisimtazame usoni. Nisimpe kitu mkono kwa mkono. Nikikutana naye njiani nipishe pembeni. Nikiwa na neno la kumwambia, nimwambie mama, mama atamfikishia. Kwa desturi ya nyumba yao, baba mkwe na mkwe wa kike hawasemeshani.

"Kwa nini?" nikauliza. "Ananichukia kabla hajaniona?"

Akacheka. "Ni heshima. Ukiona anakukwepa sana, ujue anakupenda sana."

Tulifika jua limeanza kupoa. Nikapiga magoti mbali kidogo, macho chini kama nilivyoelekezwa. Baba mkwe alikuwa amekaa upande wa pili wa uwanja, karibu na ghala la mahindi, na kulikuwa na vipande vya miti vimemzunguka kama mtu aliyekaa katikati ya kuku wake. Mama mkwe alikaa kati yetu. Mwanamke mfupi, mwenye macho yanayocheka hata mdomo ukiwa umefungwa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, maana alikuwa akiuza sokoni. Cha mzee kilikuwa Kiswahili cha mnadani tu, cha kuulizia ng'ombe. Nyumbani alisema Kisukuma, na mimi wakati huo Kisukuma sikujua hata neno.

Mzee alisema kitu kirefu. Mama akanigeukia.

"Anasema karibu. Anasema amesikia wewe ni Mmakonde, na Wamakonde anawasikia tangu zamani, wanachonga. Amefurahi sana. Anauliza unachonga nini zaidi, vinyago au vyombo?"

Nikasema kwa sauti ya chini, sauti ya bibi harusi, "Mama, naomba umwambie samahani. Mimi kuchonga sijui. Kwetu wanachonga wanaume."

Mama mkwe alinitazama. Akageuka kwa mume wake na kusema maneno, nayo yalikuwa mengi kuliko yale niliyomtuma. Mzee akainuka. Nikaona miguu yake tu inakwenda ghalani na kurudi. Alikiweka chini kipande cha mninga, kimenyooka, kikavu, rangi ya asali, akarudi kwenye kiti chake. Mama akakiokota na kunipa.

"Zawadi yako," akasema.

Nikashukuru. Nilidhani ni desturi, kwamba kila mkwe anayefika Samuye anapewa kipande cha mti.

Baada ya harusi mume wangu alirudi machimboni, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mjamzito, nikabaki kwa wakwe. Siku ya pili tu baada ya yeye kuondoka, mama alitandika mkeka pale uwanjani. Mzee akakaa upande mmoja, tezo na patasi zake mbele yake. Mama akakaa katikati na kapu lake la choroko za kuchambua. Mimi nikawekwa upande wa pili, na mbele yangu kukawa na tezo ndogo ya mpini mfupi na kile kipande cha mninga.

"Mzee anasema mkae mchonge," mama akasema. "Anza na mwiko."

"Lakini mama, si nilimwambia..."

"Anza na mwiko, mwanangu."

Basi nikaanza. Sijui niseme nini kuhusu ule mwiko. Nilikuwa napiga tezo mahali fulani, inatua pengine. Mzee akawa anasema neno kwa Kisukuma bila kuinua kichwa, mama ananitafsiria huku akichambua choroko.

"Anasema unaendelea vizuri, ila ushike chini zaidi."

Nikashika chini zaidi.

"Anasema vizuri sana. Ila ufuate nyuzi za mti, usizikate."

Mpini ukapasuka hadi kwenye kichwa cha mwiko. Mzee akasema neno moja fupi.

"Anasema pole," akasema mama.

Ndivyo zilivyokwenda siku zangu za mwanzo. Nilivunja vingi. Kila nikivunja, kesho yake nilikuta kipande kingine kimewekwa kwenye mkeka, na kila mara kilikuwa kimekatwa vizuri zaidi kwa ajili yangu, nyuzi zimelala upande unaonirahisishia. Hilo nililiona kabla sijajua lugha. Mzee hakuwa akinitazama, lakini alikuwa ametazama mikono yangu vya kutosha kujua kwamba mkono wa kulia unavuta ndani, akawa ananichagulia mti unaosamehe mkono unaovuta ndani.

Siku nilipomaliza mwiko wa kwanza mzima, mama aliuchukua akampelekea. Aliugeuza, akaubonyeza kwa kidole gumba, akaunusa, akaurudisha. Jioni hiyo mama alisonga ugali kwa mwiko huo. Ulikuwa mzito kama kasia, na mama alipumzika mara kadhaa kabla ugali haujaiva, lakini alisonga.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Nikawa nachonga yeye akiwa mgongoni au amelala kwenye kanga pembeni, na Kisukuma kikaanza kuniingia kidogo kidogo, kwanza salamu, halafu majina ya vitu, halafu maneno yanayoambatana na hasira. Ndipo siku moja, nikiwa nakwangua bakuli, mzee akasema sentensi na mimi nikaielewa yote kabla mama hajafungua mdomo.

Alisema: "Anashika tezo kama mtu anayeua nyoka ndani ya chungu."

Mama akanigeukia, uso umetulia kabisa. "Anasema unaendelea vizuri, ila upunguze nguvu."

Niliinama nikajifanya namrekebisha mtoto kanga, maana nilikuwa nakaribia kuangua kicheko. Tangu siku hiyo nikawa nasikiliza mara mbili. Mzee akisema, "Muulize kwao wanachongea meno?" mama ananiambia, "Anauliza kama umechoka." Mimi nikisema kwa Kiswahili, "Mwambie hii patasi yake ni butu," mama anamwambia kwa Kisukuma, "Mkwe anashukuru kwa patasi." Nilikuwa na mwalimu mmoja na mkalimani mmoja, na mkalimani alikuwa anaendesha shule yake mwenyewe.

Nikamkamata tukiwa jikoni. Nikamwambia kwa Kisukuma changu kibovu, "Mama, ile siku ya kwanza ulimwambia nini?"

Aliacha kupepeta. Akaona nimeshajua. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Nilimwambia unasema utafurahi kuchonga naye, ila una haya," akasema.

"Kwa nini, mama?"

Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Wanangu wote wamekwenda kwenye dhahabu. Mume wako alikuwa wa mwisho kukaa naye kwenye mkeka ule. Alipoondoka, mzee akawa anachonga anaongea na gogo. Mwanamume mzima, kutwa anaongea na gogo! Ukaja wewe. Nikasema, huyu atakaa naye, hata asipojua." Akaendelea kupepeta. "Na mimi sikukosea. Angalia bakuli lako."

Sikumwambia mzee. Nilianza hata kumsaidia mama, nikijibu vizuri zaidi ili awe na kazi ndogo ya kupamba.

Halafu kinu cha mama kikapasuka. Kilikuwa kinu alichochongewa na mzee walipooana, cheusi kwa mafuta ya mikono, na kilipasuka kutoka mdomoni hadi chini akiwa anatwanga mahindi ya makande. Alikitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Kesho yake mzee alikwenda kwenye ngitili, kile kipande cha malisho ambacho familia imekihifadhi kwa ajili ya kiangazi, na huko kulikuwa na mkwaju ulioangushwa na upepo wa masika. Vijana wa jirani walimsaidia kukata kipande kwa msumeno na kukivuta kwa ng'ombe hadi nyumbani.

Alianza kazi kwa furaha. Akalizungusha gogo kwa shoka, akalipa kiuno, akaanza kutoboa mdomo. Asubuhi moja tulisikia tezo imenyamaza. Mama aliyekuwa anafagia ndiye aliyemwona kwanza: amekaa, ameegemea gogo, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake.

Kilikuwa kiharusi. Tulimpeleka hospitali ya mjini, mume wangu akaja kutoka machimboni, tukashinda huko kwa zamu. Aliporudi nyumbani aliweza kutembea kwa fimbo na maneno yake yalieleweka, ila mkono wa kulia haukurudi. Alikuwa akitoka nje asubuhi anakaa kwenye kiti chake, lakini alikuwa amekigeuza. Alikaa akiupa mgongo ule uwanja, akitazama barabara.

Gogo la kinu lilibaki limesimama pale, kiuno kimekamilika, mdomo umetobolewa kiasi cha bakuli. Hakuna aliyeligusa. Kuku walikuwa wanapanda juu yake.

Mume wangu kabla hajarudi kazini alijaribu. Alivua shati, akashika patasi ya mpini mrefu, akapiga mara chache, akaiweka chini. "Siwezi, mama," akasema. "Nitaliharibu. Mikono yangu imezoea matimba, kule tunakata tu." Nilimwona anageuza uso.

Alipoondoka, niliwafukuza kuku, nikafunga mtoto mgongoni, nikaanza kupiga.

Mzee hakugeuka. Nilipiga siku nzima nikapata kina cha kidole. Siku iliyofuata tena hivyo. Mkwaju ni mti mgumu, tezo inarudi mkononi kama umepiga jiwe. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alisimama kwenye uzio akamwambia mama mkwe wangu, kwa sauti ya kutosha nisikie, kwamba kinu kikichongwa na mwanamke unga wake huwa mchungu. Mama akamjibu, "Tutaona," akaendelea na kazi zake.

Siku ya tatu au ya nne, nilipotoka nje asubuhi nilikuta kiti cha mzee kimegeuzwa. Anatazama gogo.

Akasubiri hadi mama alipokuja kukaa na kapu lake. Ndipo akasema, kwa ulimi mzito, kwamba niwashe makaa kidogo, niyaweke ndani, niuchome mti kabla ya kupiga. Mama alinitafsiria neno kwa neno. Hakupamba chochote. Baada ya hapo kazi ikaenda. Nilichoma, nikakwangua, nikachoma tena. Mzee akawa anagonga ubavu wa kinu kwa fimbo yake kutoka pale alipokaa, anasikiliza, anasema mahali palipo panene. Usoni mwake damu ilirudi. Mama aliona pia, nikamsikia jioni anaimba jikoni, kitu ambacho alikuwa ameacha.

Ilikuwa Jumapili. Mama alikwenda kanisani, na mimi sikutaka kusubiri, kwa kuwa kazi ilibaki kidogo tu. Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Hakukuwa na mtu wa kukaa katikati. Nikaingiza patasi ndefu, nikapiga, vipande vikatoka, nikapiga tena, vikatoka vizuri, nikanogewa. Niliinua nyundo.

"Simama!"

Nikaganda. Ilikuwa sauti ya mnadani, ile ya kuzuia fahali.

"Simama! Simama hapo hapo! Chini kumebaki kidogo. Ukipiga tena hicho si kinu, ni bomba!"

Kiswahili safi. Alikuwa amesimama, fimbo imeanguka, ameshikilia gogo kwa mkono wa kushoto, na uso wake ulikuwa mbele ya uso wangu. Tulitazamana. Ana macho ya mume wangu, hilo sikuwahi kulijua. Halafu wote wawili tukakumbuka. Yeye akageukia barabara, mimi nikapiga magoti nikatazama vumbi kama niliyefumwa naiba. Nikaiokota fimbo yake, nikaiweka chini karibu na mguu wake, nikaingia ndani.

Mama aliporudi alitukuta hivyo, kila mtu upande wake. Nikamweleza. Akavua viatu vya kanisani, akatoka nje, akainama akaingiza mkono ndani ya kinu akapapasa.

"Kweli kulikuwa kumebaki kidogo," akasema. Akamgeukia mume wake. "Umemfokea mtoto wa watu kama ng'ombe. Utatoa mbuzi."

"Nitatoa," akasema mzee.

"Na ukishatoa, mtakuwa mnaongea kama watu. Mimi nimechoka kukaa katikati yenu na choroko."

Mbuzi alichinjwa. Walikuja shangazi wa mume wangu na wazee wa ukoo, wakazungumza mambo yao, wakakubali kwamba kizuizi kimeondolewa kwa sababu ya ugonjwa na kwa sababu ya kazi. Wakati wa kula, mama alinipa birika na beseni. Nikaenda hadi kwenye kiti cha mzee, nikapiga magoti, nikamnawisha. Mkono wa kushoto alinawa mwenyewe. Wa kulia niliushika mimi, nikauosha kidole kwa kidole, nao ulikuwa mgumu kiganjani na mwepesi kuliko nilivyodhani. Akasema, "Wabeja, mayu." Asante, mama.

Kinu kilipokauka, mama alitwanga mahindi hadharani, mlango wa uzio ukiwa wazi. Mlio wake ulikuwa mzito na wa kushiba, unasikika hadi nyumba ya tatu. Akapika makande, akajaza bakuli, akampelekea yule jirani. Bakuli lilirudi tupu, na ndani yake kulikuwa na mayai. Kinu chenyewe kimeinama kidogo upande wa kushoto. Mahali nilipochomea sana paliliwa na moto. Nilitaka kukinyoosha chini, mama akanikataza. Anasema akikaa nacho kinamwinamia kama anayetaka kusikia habari.

Sasa tumehamia hapa Ibadakuli. Mume wangu aliacha machimbo akapata kazi ya useremala mjini, na wazee wanakuja kukaa nasi miezi ya kliniki ya mzee. Mimi nachonga miiko, mabakuli, vigoda, na vinu watu wakiagiza. Mzee amejifunza kukwangua na kupiga msasa kwa mkono wa kushoto, kazi ndogondogo za mwisho, na ni mvumilivu kuliko mimi. Mama anapaka mafuta na ndiye anayepeleka sokoni. Kuongea, mzee anaongea tangu asubuhi. Miaka yote ile aliyokuwa amenyamaza anailipia sasa: tezo yangu naishika vibaya, kiti changu kiko chini mno, jua litanipata mgongoni, nimekula? Mume wangu anapita na mfuko wake wa kazi anatucheka. "Mimi nilimkimbia huyu," ananiambia, "wewe umesafiri kutoka Newala kumfuata."

Wiki iliyopita watu wa umeme walikata mwembe mkubwa kwenye kona yetu, ulikuwa unagusa nyaya. Mzee aliwasikia. Alitoka na fimbo yake akasimama karibu na gari lao hadi wakamwuliza anataka nini. Akawaambia anataka shina. Walimpa, na majirani wakatusaidia kulibiringisha hadi uani. Yeye anasema humo mna vigoda vinne vya kukalia wanaume wazito. Mimi naona kinu kikubwa cha harusi, maana dada mmoja wa hapa mtaani anaozesha binti yake. Mama anasema likatwe vipande viwili, tuache kelele. Kwa sasa limelala kivulini, tumelipaka kinyesi cha ng'ombe kwenye ncha zote mbili lisipasuke, na kila asubuhi mzee analizunguka, analigonga, ananiita nikasikilize.